Django: apu mbili zinahitajiana, importi inagoma

koda_mgeni
Wakuu habari zenu, nina projekti ya Django (fremuweki ya Python ya kujenga tovuti) yenye apu `oda` na `malipo`. Fankisheni ya kupiga jumla ya oda iko `oda` na malipo wanaitaka, sitaki kuikopi maana siku ikibadilika huku kule itasahaulika. Sasa modeli ya Malipo (klasi inayowakilisha jedwali la database) inaimport Oda, yaani inaivuta kutoka faili lake, na Oda nayo inaimport Malipo ili ijue imelipwa kiasi gani, hapo Python inagoma inasema moduli haijamaliza kupakiwa. Pia zote mbili zina fildi za tarehe `imeundwa` na `imebadilishwa`, naandika kitu kilekile mara mbili. Mnafanyaje?

nyuma_ya_seva
Hiyo importi ya mduara mkuu. Python inasoma models.py ya oda, mstari wa juu unaituma kwa malipo, ikifika kule inaambiwa rudi oda ukachukue Oda, wakati Oda yenyewe haijasomwa bado. Kwenye ForeignKey ya Malipo (fildi inayoiunganisha na oda yake) andika jina kama maandishi tu, `"oda.Oda"`, Django itaitafuta yenyewe modeli zote zikishapakiwa. Na hapo kwenye `on_delete` weka PROTECT (inazuia kufuta oda yenye malipo), usiweke CASCADE (inafuta na malipo yake), rekodi za pesa hazitakiwi kufutika eti kwa sababu mtu kafuta oda.

jedwali
Hizo tarehe tengeneza apu ya tatu iite `msingi`, weka modeli yenye `abstract = True` ndani ya Meta (klasi ndogo ya mipangilio ya modeli) halafu Oda na Malipo ziirithi. Usiusahau huo mstari, bila huo Django inatengeneza jedwali la pekee na kila ukisoma oda inabidi iunganishe majedwali mawili. Fankisheni ya jumla nayo ipeleke hukohuko.

nyuma_ya_seva
Tarehe sawa ila fankisheni hapana. Hesabu ya oda ni mali ya oda, iache kwenye `oda/services.py` malipo waje kuichukua hapo, ukianza kutupia `msingi` kila kinachotumika mara mbili baada ya muda inakuwa dampo na kila apu inaitegemea. Cha muhimu njia iwe moja: malipo inaijua oda, oda haiijui malipo. Na kusema kweli Oda haina haja ya kuimport Malipo kabisa, weka `related_name="malipo"` (jina la kuyafikia malipo kutokea upande wa oda) kwenye ile ForeignKey halafu ndani ya Oda ita `self.malipo.all()`, basi.

koda_mgeni
Dah imekubali, nimefuta ile importi ya Malipo na kila kitu kinapanda, asanteni sana. Sasa nikihamisha hizo tarehe kwenda `msingi` data iliyopo itapona?

jedwali
Itapona, majina na opsheni za fildi zikibaki vilevile kolamu haziguswi. Endesha `makemigrations --dry-run` kwanza (inaonyesha tu mabadiliko ya database bila kuandika faili), ikisema hakuna mabadiliko endelea, ikitaja kufuta kolamu simama ulinganishe majina herufi kwa herufi.