Nani alimruhusu bwana yule kutuuliza «Kumbe mlilala humu humu?»

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado nina chumvi kwenye nyusi, na kitu pekee nilicho nacho kilichokauka ni soksi ya mguu wa kushoto. Sitamtaja mtu kwa jina, kwa kuwa hakuna haja: kila aliyewahi kukodi jahazi la matembezi huku kaskazini ya Unguja anamjua bwana yule wa kofia ya viua, mwenye simu tatu ambazo hapokei hata moja.

Tulilipa fedha zote mapema kwa safari ya tanga kutoka Mkokotoni hadi kisiwa cha Misali, kisha Chake Chake. Tulipofika gatini, upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutahadharisha juu ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Mimi sina ugomvi na upepo. Upepo haukuchukua fedha yangu, wala haukuniambia, «Dakika kumi tu dada yangu, unapungua huu.» Aliyeniambia maneno hayo ni yeye, akiwa amekumbatia nguzo ya gati kwa mikono miwili ili asipeperuke.

Akatuagiza tupande chomboni tukae tayari, kwa maelezo kwamba upepo ukilegea kidogo tu nahodha atatweka tanga. Tukapanda. Naye akasema anakwenda mara moja kuitazama bahari kwa upande wa pili. Bahari aliyokwenda kuitazama, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, ilikuwa na kitanda, chandarua, na mama mkwe anayepika biriani.

Usiku maji yakapwa, na kwa kuwa ilikuwa bamvua, yalipwa mpaka nikadhani yamehamia Tanga. Jahazi likakaa matopeni na kuinama. Mabaharia wakalitia magadi, ile miti ya kuegemeza ubavuni, lisije likalala kabisa, nasi abiria tukalala nusu tumesimama, mvua ikiingia kwa ubavu chini ya turubai ambalo matundu yake yalikuwa makubwa kuliko turubai lenyewe. Shangazi yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alijifunga kwa leso kwenye ubao ili asiteremke usingizini akamwangukia mtu asiye maharimu wake. Maji yaliporudi kabla ya alfajiri, chombo kikaelea na kuanza kuligonga gati, na kila kilipogonga, mtoto mmoja aliuliza kama tumefika Pemba.

Kulipokucha akaja. Kanzu imepigwa pasi, ananukia udi, mswaki mdomoni. Akasimama ukingoni mwa gati, akatuchungulia mmoja mmoja, akautoa mswaki taratibu, kisha akauliza: «Kumbe mlilala humu humu?»

Humu humu! Alitaka tulale wapi, juu ya foromali, ule mti unaoshika tanga? Hakusema poleni. Hakuuliza habari za asubuhi. Alishangaa kwa dhati, na hilo ndilo linaloniua: alishangaa kana kwamba tulivamia jahazi lake usiku bila ruhusa. Kuhusu fedha zetu, amejibu kwamba kungoja upepo ni sehemu ya safari. Hoja hiyo nilikusudia kuijibu kwa kirefu, lakini kila ninapoanza namwona anautoa mswaki mdomoni. Taratibu.

Mvuvi wa Jongowe aliandika:
Pole sana, bibi. Hata hivyo nahodha msimtie makosani. Sisi watu wa Tumbatu tunaujua mkondo ule: upepo wa kusi ukikutana na maji yanayokwenda kinyume chake, pale mbele ya Nungwi mawimbi husimama wima, mafupi, yanayofuatana bila kukipa chombo nafasi ya kuinua omo, yaani sehemu yake ya mbele. Spice Islander ilizama katika mkondo huo tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na ile ilikuwa meli. Kungoja kulikuwa sahihi. Swali la mswaki, hata hivyo, silioni utetezi wake.

Mwenye Uzi:
Ahsante, kaka. Sijalalamikia kungoja. Nalalamikia kanzu iliyopigwa pasi. Mtu aliamka, akawasha pasi, akapiga mikono yote miwili na kola, ilhali shangazi yangu amefungwa kwenye ubao.

Kofia Nyekundu aliandika:
Namjua bwana huyo. Mimi aliniacha gati hilo hilo msimu uliopita, akarudi siku ya pili na kunishauri nijifunze subira, kwani subira inavuta heri.

Mwenye Uzi:
Alikuwa na mswaki?

Kofia Nyekundu:
Alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno.

Mwenye Uzi:
Ndiye.

Mpemba wa Temeke aliandika:
Dada yangu, kwa heshima zote, mtu mwenye akili timamu halipi fedha zote mapema kwa bwana mwenye simu tatu. Tena mlikuwa mmefungwa gatini, si katikati ya bahari; hatua chache tu kutoka mlipokuwa pana maduka, pana msikiti, pana watu. Nadhani swali lake lilikuwa la haki kabisa. Hata mimi niliyesoma uzi wako hadi mwisho najiuliza: kumbe mlilala humu humu?

Mwenye Uzi:
Wewe na yeye mnanunua miswaki duka moja. Tuliambiwa tusishuke! Tuliambiwa upepo ukilegea chombo kitang'oa nanga hata iwe saa nane za usiku, na atakayekuwa nje ataachwa. Nyinyi mnaowatetea watu wanaonukia udi asubuhi ya tufani, Mungu anawaona.

Bi wa Shela aliandika:
Poleni huko, lakini nyinyi mlikuwa na magadi, mshukuruni Mola. Sisi tulikuwa twatoka Lamu kwenda Kizingitini msimu wa kusi, na kwa kuwa nje ya kisiwa cha Manda bahari ilikuwa haikubali chombo kidogo, ilitupasa kupita Mkanda, mfereji ambao ukikukuta maji yamekupwa huna budi kungoja yajae. Maji yalikuwa mazuri. Tungepita. Nahodha wetu, ambaye nyote mwamjua, akasema tumngojee pale Mokowe akanunue miraa. Alipochagua jani lake na kurudi, maji yamekwisha, tukabaki gatini tukimtazama akitafuna kwa raha zake.

Mkazi wa Kilindoni aliandika:
Nyote hamjui maana ya kungoja. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, mimi nilikuwa Nyamisati, huku bara, na mizigo yangu, nikitaka kurudi nyumbani. Upepo niliustahimili. Kilichonivunja moyo ni muuza chai wa pale gatini, ambaye kabla ya kukutajia bei ya chai ya rangi alikuwa anatazama kwanza mikoko inavyoyumba. Mikoko ikitulia, bei ya jana. Mikoko ikiinama, anaongeza mia. Jioni ilipofika, kikombe kimoja kilikaribia nauli.

Mwana wa Nansio aliandika:
Afadhali wewe uliipata chai. Huku Ukerewe ziwa likichafuka tunakaa gatini hatuna hata la kuhesabu, kwa sababu ziwa halina kupwa wala kujaa. Mtu wa pwani hujifariji kwamba maji yatarudi saa fulani, sisi tunamtazama tu mkata tiketi usoni. Na chapati za pale gatini ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kuisomea gazeti kwa nyuma yake.

Mwenye Uzi:
Naomba turudi kwenye mada. Mswaki.

Mvuvi wa Jongowe:
Hebu Mkazi wa Kilindoni atufafanulie: chai hiyo ilikuwa na tangawizi au maji matupu? Maana kama ina tangawizi, kupanda bei wakati wa tufani naona kuna hoja.

Mkazi wa Kilindoni:
Ilikuwa na harufu ya tangawizi iliyopita karibu na sufuria wiki iliyotangulia.

Bi wa Shela:
Hiyo si chai, hiyo ni dhuluma. Kwetu mtu aliyekwama gatini kwa upepo hupewa kahawa bure, akitozwa ni tende tu.

Mpemba wa Temeke:
Bure wapi, bibi? Mimi Lamu nilitozwa mpaka maji ya kunawa.

Kijana wa Kibiti aliandika:
Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu. Muuza chai mnayemsema ni mama yangu mdogo. Chai ilipanda kwa sababu kuni zilikuwa zimelowa na ilimlazimu kununua mkaa kwa bei ya kuruka, wala hakutazama mikoko yoyote. Alikuwa anatazama turubai lake lisichukuliwe na upepo. Tena amenituma nimwambie Mkazi wa Kilindoni kwamba aliondoka na deni la vikombe viwili na maandazi, na kwamba daftari lipo.