Tupeane uzoefu: Dini ni ya kwetu, ila imani imeniondoka

Mwana wa Machame:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, nimezaliwa Machame, Kilimanjaro, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya ya vijana. Siamini tena, mwaka wa tisa huu. Lakini ukiniuliza mimi ni nani, neno linalotangulia kutoka ni Mlutheri. Wamisionari wa Leipzig walifika kwetu mwaka 1893, miaka 70 kabla KKKT yenyewe, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, haijaundwa. Kwetu Walutheri, Kibosho Wakatoliki; mtu akitaja tu anakotoka, ushajua kwao wanasali wapi. Sasa hiyo naivuaje?

Desemba nikipanda nyumbani naenda ibadani na mama. Ninachokipenda hasa ni mnada baada ya ibada: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo kafungwa miguu. Mwaka jana niligombea mkungu ambao mama mwenyewe aliutoa sadaka, nikaununua mara nne ya bei ya sokoni, tukarudi nao kihambani, shamba letu la nyumbani. Ila ndani ya kanisa, watu walipoinuka kwenda meza ya Bwana, mimi nilibaki nimekaa. Mama akanipa miwani na mkoba wake nimshikie, akaenda. Hadi leo hajauliza. Bora angenigombeza. Wenzangu mnaishije na hili?

Kijana wa Ngarenaro:
Pole sana kaka. Mimi Muislamu wa hapa Arusha mjini, kuswali niliacha tangu chuo. Ramadhani nafunga, siwezi kula mchana kwenye nyumba ambayo mama yuko jikoni anahangaikia tambi na uji wa futari. Baba alipofariki tulimuosha sisi wanawe. Nilishika birika, tukaanza upande wa kulia kama tulivyoelekezwa, tukamvika sanda, shuka tatu. Sikuamini kuna anakokwenda, lakini nisingekubali mkono wa mtu baki umguse. Fatiha niliisoma kwa sauti pamoja na kaka zangu.

Mama Wawili, Rombo:
Mkatoliki mimi. Watoto wangu wote wamebatizwa. Padri anauliza kama mnasadiki, unajibu unasadiki, wakwe wako nyuma yako. Mpaka leo jibu lile linaninyima raha.

Mzee wa Usharika:
Wanangu, mimi ni mzee wa kanisa hapa Moshi. Siwahukumu, nami nina kijana kama ninyi. Ila siku ukifa, ndugu watakuja kuomba mchungaji akuzike, na wataulizwa kama ulikuwa unashiriki, kama ahadi, yaani mchango wako kwa kanisa, ulikuwa unatoa. Nimeshaona jeneza limefika nyumbani na watu bado wanabishana na kanisa, mjane kakaa chini anawasikiliza. Mmewaambia nini wake zenu?

Mwana wa Machame:
Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe. Ahadi natoa kila mwaka, kwa sababu kanisa lile babu zangu walibebea mawe. Mke wangu anajua: nizikwe kihambani karibu na baba, kwaya ikitaka kuimba iimbe, ila mchungaji asilazimishwe kusema kwamba niliamini. Aliyebaki ni mama. Mwaka huu napanda mapema, tarehe 20. Nitamwambia kabla ya ibada, ili siku hiyo akinipa miwani yake nimshikie awe anajua anampa nani.