Mrejesho: kijana wa avenue yetu aliyepigwa na polisi, Katuba

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza tufanye nini baada ya polisi kumpiga na kumfungia kijana wa pikipiki wa avenue yetu, hapa mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Tulishika shauri la mama aliyetukumbusha kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo ya 2006: polisi hawamshiki mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kwenye vyombo vya sheria. Majirani tulikwenda kituoni pamoja na wakili, akina mama wa soko wakiwa mbele. Akaachiwa bila kutoa franga hata moja. Mgongo ulikuwa na alama za mkanda. Cheti cha daktari tulikichukua siku ileile, nanyi msichelewe, alama hufutika. Pikipiki hatujarudishiwa. Mashtaka tumepeleka kwa oditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa mahakama ya kijeshi, maana polisi hushtakiwa huko, bado hatujaitwa.