Tupeane uzoefu: ni nini kilikubeba ulipoomba nafasi ya uzamivu katika sayansi za tiba?

Mleta uzi
Wanajukwaa, salaam. Msimu wa maombi unapokaribia, vijana huniuliza kama alama zao zinatosha kuombea nafasi za uzamivu Marekani. Naomba waliopita njia hiyo wasimulie kilichowabeba au kilichowaangusha, nami natangulia.

Niliomba mara mbili, nikiwa na GPA ileile ya 4.2 kati ya 5. Mara ya kwanza maelezo yangu yalijaa habari za jinsi malaria ilivyoisumbua familia yetu na jinsi nilivyoota kuwa mwanasayansi tangu utotoni, wala hakuna chuo kilichoniita kwenye usaili. Mara ya pili niliandika kuhusu wiki tatu ambazo sampuli zangu tupu za PCR (kipimo kinachonakilisha DNA ili ionekane), zisizopaswa kuonyesha chochote, zilikuwa zikionyesha vimelea. Nilieleza nilivyobadilisha maji, kisha vitendanishi, kisha meza ya kazi, kimoja baada ya kingine, hadi nikabaini kwamba uchafuzi ulitoka kwenye pipeti moja (kifaa cha kunyonyea na kupimia vimiminika), na kwa nini nililazimika kuyatupa matokeo ya mwezi mzima ambayo yalikuwa yamenifurahisha sana. Vyuo vitatu viliniita, na kote waliniuliza habari za pipeti hiyo.

Mdau wa Moshi
Ahsante, ndugu mleta uzi. Mimi niliangushwa na barua za mapendekezo. Vyuo vingi huomba tatu, nami kwa heshima za kwetu nilimwendea mkuu wa idara, nikiamini kwamba cheo chake kingenibeba. Baadaye alinionyesha alichoandika: nilihudhuria vipindi, nilikuwa na nidhamu, nilifaulu vizuri. Hakusema uongo, kwani hakuwahi kuniona nikifanya kazi. Mwaka uliofuata nilimwomba mtafiti kijana niliyekuwa naye maabara kila siku, ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote cha kutajika, naye akaeleza jaribio nililolisanifu mwenyewe na kosa nililolikiri kabla hajaligundua.

Kuna pia ile desturi ya mwalimu kukuambia, “Andika wewe, nitasaini.” Msikubali, hata kama kukataa kunatia haya. Barua mbili zilizoandikwa kwa mkono mmoja hutambulika, na kwa vyovyote mwombaji hawezi kujishuhudia. Mpelekee badala yake ukurasa mmoja wa kumkumbusha mliyoyafanya pamoja, tena miezi miwili kabla.

Mdau wa Kilifi
Mimi sikuomba nje mara tu baada ya shahada ya kwanza. Nilikaa kwanza miaka miwili katika utafiti hapa Kilifi, ambako programu ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya) imekuwapo tangu 1989. Jina langu lilitokea katikati ya orodha ndefu ya waandishi wa makala moja, na nilidhani hilo ndilo lingenibeba. Kwenye usaili waliniuliza kwa nini tulichagua kundi lile la kulinganishia, na kama ningeanza upya ningebadilisha nini. Asiyejua sababu ya kila hatua, makala humgeukia.

Mdau aliye Marekani
Niongeze la fedha, maana wengi hujilaumu bure. Programu nyingi za huku hulipa ada na posho, lakini ruzuku za mafunzo za NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani) zijulikanazo kama T32 ni za raia na wakazi wa kudumu, hivyo nafasi za wageni huwa chache, hasa vyuo vya umma. Waulizeni kabla ya kulipa ada ya maombi, na mwombe msamaha wa ada hiyo, kwani vyuo kadhaa huutoa. Tarehe za mwisho nyingi huangukia mwanzoni mwa Desemba.

Katika maelezo yenu, tajeni wahadhiri wawili au watatu ambao kazi zao mmezisoma kweli. Mwaka wa kwanza mwanafunzi huzunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua moja, kwa hiyo chuo chenye mtaalamu mmoja tu wa fani yako kinaweza kukuacha bila msimamizi.

Mdau wa Mwanza
Je, ni lazima uwe na shahada ya uzamili?

Mdau aliye Marekani
Huku si lazima, dada. Nchi nyingi za bara la Ulaya huidai.