Kampuni iliyotujengea mfumo wa malipo inaficha hitilafu ya urithi wa klasi, kisha inatudai ankara mpya

Wakuu, salaam. Ninasimamia mfumo wa malipo wa duka la jumla hapa Kariakoo, na nimechoshwa na kampuni iliyotujengea mfumo huo, ambayo sitaitaja jina.

Seva ilikataa kuwaka, ikatoa kosa hili: "Class extends value undefined is not a constructor or null". Maana yake ni kwamba klasi (kiolezo cha msimbo) ya MalipoSimu ilipokuwa inaundwa, klasi mzazi inayorithi kutoka kwake, Malipo, ilikuwa bado haipo. Faili ya malipo.js inaita malipoSimu.js mwanzoni kabisa, kwa sababu ndani yake wameweka kitendakazi (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) cha kuchagua aina ya malipo, nayo malipoSimu.js inaita malipo.js ili impate mzazi wake. Node.js, programu inayoendesha msimbo wa JavaScript kwenye seva, ikikuta mzunguko wa namna hiyo haisubiri, bali hukabidhi kile kilichokwisha kuandaliwa hadi wakati huo, ambacho hapa kilikuwa kitu kitupu.

Tulipolalamika, waligeuza mpangilio wa mistari miwili katika faili kuu ili malipoSimu.js ipakiwe kwanza. Seva ikawaka, wakatuandikia kwamba kazi imekamilika. Haijakamilika! Kwa mpangilio huo mtoto humpata mzazi, lakini sasa malipo.js ndiyo inayobaki na MalipoSimu isiyo na thamani, na kosa hujitokeza pale tu mteja anapolipa kwa simu, akiwa kaunta na foleni nyuma yake. Tangu toleo la 14, Node.js hutoa onyo inapokutana na jambo hili, nao waliwasha seva kwa --no-warnings ili onyo lisionekane. Hapo ndipo ninapokasirika hasa, kwa kuwa uzembe ningeweza kuusamehe, lakini kumzimia mteja onyo linalomhusu ni kumdanganya.

Dawa yake ni kukihamishia kitendakazi hicho kwenye faili ya tatu inayoita zote mbili, ili malipo.js isimtegemee mtoto wake yeyote. Tumewaeleza hivyo kwa maandishi. Wamejibu kwamba hayo ni "maboresho" na yanahitaji ankara mpya.

Hatutalipa. Wenye uzoefu wa mikataba ya mifumo hapa Dar, naomba mnieleze: mliandika kifungu gani kinachomlazimisha mjenzi kurekebisha kosa la usanifu kwa gharama yake, hata baada ya mfumo kukabidhiwa?