Dainamo ya Landrover 109: niitengeneze au nifunge altaneta?

Mwana_Mpwapwa:
Wakuu, habari za jioni. Nina Landrover 109 ya 1964, ya petroli, niliachiwa na mzee. Dainamo, yaani mashine ya kuchaji betri, ni ile ile Lucas C40. Tangu nirudi Dodoma juzi taa ya chaji haizimi hata nikikanyaga mafuta, na asubuhi ni kusukuma. Fundi umeme mmoja hapa Majengo anasema nitupe dainamo anifungie altaneta, ile chaja ya magari ya kisasa, ya Corolla. Moyo unasita. Nawasilisha.

Fundi_Kizota:
Mkuu, usitupe kitu kabla ya kupima. Angalia fenibelti kwanza. Kisha chomoa nyaya za D (ya kutoa chaji) na F (ya fildi) kwenye dainamo, unganisha D na F kwa kipande cha waya, weka mita kati ya hapo na bodi. Washa gari, kanyaga mafuta taratibu. Dainamo nzima inafika volti 20 injini ikiwa mizunguko kama 1000 kwa dakika; usivuke hapo. Ikifika, dainamo haina kosa, kamata katauti (kile kiboksi cha kudhibiti chaji). Ikisoma nusu volti hadi moja, ni fildi (koili zilizotulia). 4 au 5, amecha (koili inayozunguka). Sifuri, fungua utazame kaboni zinazogusa shaba ya amecha. Kwa vumbi la huku kwetu mimi ningeanzia hapo hapo.

Nyuma kuna kitundu kimeandikwa OIL. Matone mawili ya oili ya injini, si grisi! Wengi hawajui hata kama kipo.

Babu_wa_Kondoa:
Mimi ni wa altaneta. C40 inatoa ampea 22 tu, na gari likiwa sailensa, yaani hujakanyaga mafuta, haichaji kitu. Ila gari la mwaka huo chanya ya betri iko kwenye bodi, na altaneta hiyo inataka hasi. Akifunga bila kugeuza, dayodi zinaungua papo hapo. Muulize fundi wako kama analijua hilo. Akibabaika, ondoka na gari lako.

Mwana_Mpwapwa:
Nimemuuliza, kabadilisha mada 😂 Mita ilisoma sifuri, nikafungua: kaboni moja imeisha kabisa, springi inakwaruza shaba. Sasa anataka kunichongea kaboni za stata.

Fundi_Kizota:
Kataa. Za stata zina shaba nyingi, zitaila amecha. Tafuta za C40 zenyewe, bado zinatengenezwa. Ukisharudisha dainamo, kabla ya kuunga waya wa F, gusisha F na waya wa moto wa betri mara moja, cheche itoke, toa; hapo unaipa dainamo sumaku ya upande sahihi. Na kwako wewe waya wa moto ni hasi, usichanganye.