MREJESHO: DVD za harusi ya dada zimeokoka (karibu zote)

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuhamishia kwenye kompyuta DVD 3 za harusi ya dada zenye mikwaruzo. Mbili HandBrake (programu ya bure ya kugeuza video) ilizimaliza yenyewe. Ya tatu ikagoma katikati, nikafuata ushauri wa kuanza na ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu: inanakili diski nzima kuwa faili la ISO, na faili la ramani linakumbuka sehemu zisizosomeka. Usiku kucha ikakwama asilimia 91. Nikaazima draivu ya DVD ya jirani, nikaendelea na ramani ileile, ikafika 98, kisha HandBrake ikaigeuza kuwa video ya MP4. Kusugua mikwaruzo kwa dawa ya meno (nilijaribu, msicheke) haikusaidia kitu. Kipande cha kukata keki bado kinagandaganda. Mama kaangalia mara mbili tayari. Asanteni mno.